Nyumba Zinazotazama: Mitindo ya Eric Sherbrooke Walker Nyeri

Ukimsoma mjenzi kwa makini, unatafuta lile asiloliacha hata anapobadilisha kila kingine. Eric Sherbrooke Walker alijenga Nyeri na kando ya msitu wa Nyandarua kwa miaka 30 hivi. Alianza na hoteli yenye meko ya kuotea moto, akapanda mtini na mbao zake, akashuka kwenye kijumba chenye veranda cha rafiki yake mzee, kisha akapanda tena, safari hii juu ya nguzo zilizosimikwa. Ni mitindo minne iliyopishana kwa vifaa, kwa kimo na kwa ukubwa. Hata hivyo, katika kila mmoja chumba hakijitoshelezi. Kipo ili mtu atoke humo, aende ukingoni, akae, atazame nje. Kuta, paa, ngazi na vitanda vyote vinautumikia ukingo huo.

Umbo hilo la kudumu, jengo kama chombo cha kutazamia, ndilo ninalotaka kulisoma. Chombo cha kutazamia huchagua: kinachokielekea kinakikuza, na kinachokipa kisogo kinakifuta. Nyeri ya kati ya 1928 na 1957 ilikuwa na mengi ya kutazamwa na mengi ya kufutwa, na majengo ya Walker yameyaandika yote mawili katika jinsi yalivyokaa juu ya ardhi.

Walker hakuwa msanifu mwenye cheti. Alizaliwa Uingereza mwaka 1887, akasoma Oxford, akawa katibu wa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, siku chama hicho kilipokuwa kichanga. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alirusha ndege za kivita, akaanguka mikononi mwa Wajerumani. Baada ya vita alivusha pombe ya magendo kuingia Marekani wakati ilipopigwa marufuku huko, na akaandika kitabu juu ya kazi hiyo kwa jina la kubuni, James Barbican. Mwaka 1926 alimwoa Lady Bettie Feilding, binti wa Earl wa Denbigh, na wawili hao wakaanza maisha ya hoteli Nyeri. Ninasema wawili hao kwa makusudi. Wazo la kujenga juu ya mti linaelezwa kuwa lilitoka kwa Lady Bettie, aliyeikumbuka nyumba ya watoto katika tamthilia ya J. M. Barrie, Peter Pan.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini nimpe mwenye hoteli nafasi ya msanifu, ilhali Afrika Mashariki ya miaka ile ilikuwa na wasanifu wa kweli. Walikuwapo. John Houston Sinclair aliipa Mombasa Kanisa Kuu lake, lililowekwa wakfu mwaka 1905, na akaipa Unguja Beit al-Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa 1925, lenye makuba meupe yanayoazima sura za misikiti. Herbert Baker, aliyekuwa ameshirikiana na msanifu mwenzake Lutyens kujenga New Delhi, ndiye aliyechora nyumba ya gavana Nairobi ambayo leo ni Ikulu. Ernst May, msanifu mkuu wa jiji la Frankfurt kati ya 1925 na 1930, alipitia Urusi ya Kisovieti, akalima Tanganyika, akafungua ofisi Nairobi, na mitindo yake ikabadilika kadiri alivyozidi kukaa. Mtu aliyejenga maelfu ya nyumba nyeupe zilizonyooka kule Ujerumani alifika Mombasa akaupinda ukuta wa hoteli ya Oceanic ili vyumba vipate upepo wa bahari. Kazi mashuhuri za watu hawa ziko Nairobi, Mombasa, Unguja, Kampala. Miji ya Mlima Kenya, yaani Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu, Meru, ilijengwa kwa sehemu kubwa na maofisa wa serikali, wamisheni, wenye maduka wa Kihindi na mafundi Waafrika ambao hawakuacha sahihi. Katika hali hiyo, mtu mmoja anayerudia wazo moja la umbo kwa miaka 30 mahali pamoja ni jambo la nadra, na linastahili kusomwa kama tunavyomsoma May.

May nitamrudia kidogo tu, kwa sababu tofauti yao inanisaidia. May alibadilisha mtindo kwa ajili ya mwili. Joto, upepo na kivuli vilimlazimisha. Walker alibadilisha mtindo kwa ajili ya jicho.

Anza na Outspan, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1928. Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, Nyandarua ikiwa magharibi na Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, mashariki. Hoteli ilipewa ukingo wa bonde la mto Chania, mahali ambapo ardhi inaporomoka mbele na kuacha nafasi tupu hadi mlimani. Jengo limelala chini. Halishindani na kilele cha mita 5,199, na huo ni uamuzi mzuri. Mjenzi mwenye majivuno angeweka mnara. Walker aliweka nyasi. Uwanja wa nyasi ulio mbele ya hoteli ni sehemu ya umbo sawa na ukuta, kwa kuwa ndio unaolitenga jicho na vichaka vya karibu na kulisukuma mbali. Vyumba vina meko, na Nyeri ya Julai haimwachi mtu aulize kwa nini. Lakini meko ziko nyuma ya mgeni. Mbele yake kuna dirisha, na ng'ambo ya dirisha kuna mlima.

Huo mpangilio wa moto nyuma na mlima mbele ni sentensi ya kwanza ya Walker, na ni ya Kizungu kabisa. Ni nyumba ya mashamba ya Uingereza iliyogeuzwa shingo. Sioni ndani yake jambo lolote ambalo Nyeri ilimfundisha, isipokuwa upande wa kuelekea.

Na upande wa kuelekea haukuwa mgeni kwa wenye nchi. Jomo Kenyatta alichapisha utafiti wake juu ya Agikuyu mwaka 1938, akakipa kitabu jina linalotokana na kuuelekea Mlima Kenya. Humo anaeleza sala inayofanywa kwa kusimama, mikono imeinuliwa, uso ukielekea Kirinyaga. Anaeleza pia ujenzi wa nyumba: kazi inayoanza na kumalizika siku moja, wanaume wakishughulikia miti, wanawake wakileta nyasi za kuezekea, majirani wakisaidia kwa nyimbo na utani. Nyumba inayotokana na siku hiyo ni ya mviringo, haina dirisha, moto uko katikati, na watu wameuzunguka. Iangalie kwa jicho la umbo. Nyumba ya Kigikuyu imejikunja ndani, imelinda joto na mazungumzo. Mlima haumo humo. Mtu akitaka mlima anatoka, anasimama chini ya mugumo, mti mtakatifu wa Agikuyu, na anageuza mwili wake mwenyewe.

Pale Outspan kugeuka kumefanywa na jengo kwa niaba ya mgeni. Yeye anakaa tu kwenye kiti, na mlima umeshaletwa. Hapa ndipo tofauti kubwa ya maumbo mawili ya Nyeri ilipo, na ni ya ndani zaidi kuliko tofauti ya jiwe na udongo au bati na nyasi. Moja linamtaka mtu afanye tendo la kuelekea. Lingine linamuuzia mwelekeo uliokwisha kufanywa. Sisemi hivi kwa kuidharau Outspan. Nimekaa pale asubuhi mlima ukiwa wazi, kabla mawingu hayajaufunika, na jengo lile linafanya kazi yake kwa heshima. Ila asubuhi hiyo hiyo niliona kwamba kutoka kiti kile huwezi kumwona mtu yeyote akiishi. Bonde la Chania limekuwa uwazi, na vijiji vya ng'ambo vimekuwa rangi ya kijani.

Linganisha na Ruring'u, kiungani mwa mji huo huo. Mahakama ya wenyeji iliyojengwa pale mwaka 1924, ambayo sasa ni Makumbusho ya Nyeri, ilikuwa jengo la kusikilizia. Watu walikuja na kesi za mashamba, mahari na mifugo, wakaketi mbele ya wazee, wakasema. Ilikuwa mahakama iliyowekwa na ukoloni na haikuwa na uhuru wa kweli, lakini umbo lake lilihitaji sauti ya mtu wa Nyeri ili likamilike. Outspan, iliyokuja miaka minne baadaye, haikuihitaji.

Mwaka 1932 Walker alifanya jambo ambalo msanifu mwenye cheti asingelifanya. Aliuacha ukuta. Ndani ya msitu wa Nyandarua, kando ya bwawa dogo lenye chumvi ambako tembo, vifaru na nyati walikuja usiku, alijenga vyumba viwili juu ya mugumo mkubwa na kuviita Treetops. Vilifunguliwa Novemba mwaka huo. Wanyama walikuwa wakiwafukuza wafanyakazi wakati wa ujenzi, na gharama za vibarua zikapanda kwa sababu hiyo. Ninaushika sana ukweli huo, kwa maana unaonyesha ni nani waliopanda kwanza: mafundi na vibarua wenye misumeno, waliofanya kazi ardhini na kwenye matawi kabla hapajawa na ngazi salama ya mgeni yeyote.

Soma Treetops ya kwanza kuanzia njiani, kwa kuwa jengo lilianzia huko. Wageni walishuka garini na kutembea msituni wakiongozwa na mwindaji mwenye bunduki. Kwenye miti ya kando ya njia palipigiliwa vipande vya mbao vya kupandia, ili mtu akikutana na kifaru apate pa kukimbilia. Hivyo vipande ni usanifu. Kila mti wenye vipandio ulikuwa kidokezo cha Treetops yenyewe, chumba kidogo kisicho na kuta, na mgeni alikuwa amekwisha kufundishwa maana ya jengo kabla hajaliona: hapa usalama ni kimo. Kisha ikaja ngazi ya futi kama 30. Hakukuwa na mlango wa mbele, wala ukumbi, wala dawati la mapokezi. Ngazi ndiyo iliyokuwa mlango, na aliyepanda alijua kwa misuli yake kwamba ameondoka duniani mwa wanyama.

Juu, vyumba vilikuwa viwili tu kwa sababu mti ulikubali viwili. Hapa kuna unyenyekevu wa umbo ambao Outspan haikuwa nao. Ukuta wa mbao unakoma pale tawi linapokoma, na sakafu inaenda inakoelekezwa na uma wa shina. Mugumo ndio mchoraji, na mwenye mali ni fundi anayefuata mstari. Hata saa za kufunguliwa hazikuamuliwa na mjenzi: hoteli ilifanya kazi usiku wa mbalamwezi, na wageni wa Outspan walipelekwa Jumatano. Bila mwezi hakuna cha kuona, na jengo la kutazamia lisilo na cha kuona limefungwa. Walker aliahidi kurudisha pesa iwapo tembo au kifaru hatatokea. Nisomavyo mimi, ahadi hiyo ni sehemu ya muundo. Inakiri waziwazi kwamba chumba chenyewe hakina thamani, na kwamba anachouza ni mstari wa jicho kutoka tawini hadi majini.

Jicho lenyewe lilikuwa limebadilika. Outspan inatazama mbali na kwa usawa, mgeni na kilele vikikabiliana. Treetops inatazama chini na karibu. Kilele hakijali kama unakitazama, lakini tembo anajali, kwa hiyo ilibidi watu wakae kimya. Kimya ni kanuni ya ujenzi pia, kwa sababu mbao hulia. Jengo la Treetops lilimtaka mgeni ajiondoe ndani yake, apunguze uzito na sauti, mpaka abaki jicho tu. Kwa jambo hilo ninaiona Treetops ya 1932 kuwa kazi bora ya Walker, na mojawapo ya maumbo yaliyofikiriwa vizuri zaidi katika Kenya ya kipindi kile. Lilikuwa jengo lililojua linataka nini, likaacha mengine yote.

Lakini mti wenyewe ulikuwa mugumo. Kwa Agikuyu mugumo si mti wa kukatwa ovyo wala wa kupandwa kwa matembezi. Ni mahali pa sadaka na sala, na anayesimama chini yake anasimama kwa miguu, ardhini, akiutazama mlima. Walker alichagua mti ule kwa nguvu ya matawi yake na ukaribu wake na maji. Akaugeuza juu chini: mahali pa kusimama chini na kuinua macho pakawa mahali pa kukaa juu na kuteremsha macho. Sidhani alikusudia kukufuru. Umbo lina kumbukumbu yake hata mjenzi asipoijua, na kila mtu wa Nyeri aliyesikia kwamba wageni wanalala ndani ya mugumo alielewa jambo ambalo mchoro wa jengo haukuweza kulisema.

Paxtu ya mwaka 1938 nitaipitia upesi, si kwa kuwa ni ndogo. Ni kijumba kilichojengwa katika uwanja wa Outspan kwa ajili ya Baden-Powell na mkewe Olave, kikapewa jina la kukumbusha nyumba yao ya Uingereza, Pax Hill. Baden-Powell alifia humo tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini, likiwa na alama ya skauti ya duara lenye nukta. Kwa umbo, Paxtu ni Outspan iliyopunguzwa hadi mfupa: vyumba vichache, meko, veranda, mlima. Uzuri wake unatokana na kipimo. Veranda ina upana wa watu wachache wanaojuana, na hapo jicho la Walker linapoa na kuacha kuuza. Baada ya vita alihamia humo Jim Corbett, mwindaji wa chui na simbamarara wa India, pamoja na dada yake Maggie, na Corbett alizikwa mwaka 1955 katika makaburi yale yale. Kwamba watu wawili wa tabia tofauti hivyo waliweza kuikaa nyumba moja bila kuibadilisha ni sifa kwa mjenzi. Ni jengo lake pekee ambalo ningekubali kuliita nyumba.

Mwaka 1952 unahitaji utulivu zaidi. Usiku wa tarehe 5 Februari binti mfalme Elizabeth na mumewe walilala Treetops. Kwa ajili yao jengo lilipanuliwa, likapata vyumba vitatu na kijichumba cha mwindaji. Corbett alikuwapo kama mlinzi. Usiku huo, kule Uingereza, Mfalme George wa Sita alifariki, na mgeni aliyepanda ngazi akiwa binti mfalme akashuka akiwa malkia, ingawa habari zilimfikia baada ya kutoka msituni. Ulimwengu umeisimulia hadithi hii mara elfu kama bahati ya ajabu. Kwa mhakiki wa maumbo, la maana ni kwamba mfumo mzima wa utawala uliopanda juu ya Kenya ulipata picha yake katika jengo lile: mtu mmoja juu, akitazama chini, akilindwa na bunduki, akiwa hawezi kusikia kinachotokea nje ya duara la mwanga. Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari ili kupambana na uasi wa Mau Mau.

Mwaka huo huo, kule Mathari nje kidogo ya mji, Waitaliano walikamilisha kanisa lao la ukumbusho, penye mabaki ya wanajeshi na mateka 676 waliokufa Kenya wakati wa Vita vya Pili, pamoja na kaburi la Amedeo, Duke wa Aosta, aliyefia Nairobi mwaka 1942. Ninalitaja kwa sababu ni kinyume kamili cha Treetops. Ukiingia, mlima unatoweka. Kuta za pande zote mbili zimepangwa vyumba vidogo vya marehemu, kila kimoja na jina lake, na jicho halina pa kwenda isipokuwa kutoka jina hadi jina. Mtazamaji hapewi kimo. Nyeri ya 1952 ilikuwa na jengo moja lililokuwa limejifunza kuwatazama watu mmoja mmoja, na lilikuwa la wafu wa kigeni.

Mwishoni mwa Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops, na mugumo ukaungua nayo.

Sitaki kulisoma tukio hilo kama uharibifu tu, wala kulitukuza. Nataka kuliweka kando ya maumbo mengine ya mwaka ule. Juni 1954 serikali ya kikoloni iliamua kuwahamishia watu wa Mkoa wa Kati katika vijiji vya lazima, na kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamehamishwa. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, kinyume na boma la Kigikuyu linalofuata ukoo na mteremko. Kuzunguka vituo vya askari wa nyumbani (Home Guard) kulichimbwa mahandaki yenye miti iliyochongwa ncha, na juu yake kukasimamishwa minara ya kulindia. Mnara ule ulikuwa wa miti, ulipandwa kwa ngazi, ulikuwa na ukingo wa kutazamia, na aliyekaa juu alitazama viumbe waliokusanywa chini. Tazama vipengele hivyo kimoja kimoja. Ni vya Treetops. Mafundi hawakuwa wale wale, na Walker hakuhusika na minara. Lakini sarufi ya umbo ilikuwa moja, na ilikuwa imeshatembea kutoka bwawani hadi kijijini.

Kenyatta, katika kitabu kile cha 1938, anasimulia kisa cha mtu aliyemruhusu tembo aingize mkonga kibandani mwake wakati wa mvua. Tembo akaingia mzima, mwenye nyumba akabaki nje. Simba akaunda tume ya wanyama watupu, na tume ikampa tembo haki. Kila kibanda kipya alichojenga yule mtu kilitwaliwa na mnyama mwingine. Mwishowe alijenga kimoja kikubwa kuliko vyote, wanyama wakaingia kwa pupa wakigombania nafasi, naye akakitia moto. Kitabu kilitoka miaka 16 kabla ya Treetops kuungua, na sidai kwamba walioichoma walikuwa wamekisoma. Ninachokiona ni kwamba fasihi ya Kigikuyu ilikuwa imekwisha kulihakiki jengo la aina hii. Katika kisa hicho swali la kwanza kuhusu nyumba yoyote ni nani aliyeachwa nje kwenye mvua. Katika majengo yote ya Walker sijaona mahali ambapo swali hilo limeulizwa.

Treetops ya pili ilifunguliwa mwaka 1957, karibu na bwawa lile lile, na hapo ndipo mtindo wa nne unapoanza. Mti mmoja haukutosha tena kubeba idadi ya wageni waliotaka kulala alipolala malkia. Hoteli ikawekwa juu ya nguzo, miti hai ikaachwa ipenye sakafu na kutokea darini, matawi yakajipinda kandokando ya ujia mwembamba wa vyumba. Mgeni anayeinama kupita chini ya tawi ndani ya hoteli anafurahi, na ninaielewa furaha hiyo. Lakini uhusiano wa jengo na mti umegeuka. Mwaka 1932 tawi lilibeba chumba, kwa hiyo umbo la chumba lilikuwa la lazima. Mwaka 1957 nguzo zinabeba, na tawi limebaki kama shahidi. Ukiling'oa, hoteli itasimama vile vile. Kwa miaka iliyofuata vyumba viliongezwa hadi kufikia 50 hivi, na taa za kumulika zikachukua kazi ya mwezi, kila usiku, bila kungoja Jumatano.

Nalisema hili kwa masikitiko ya kweli, kwa maana upanuzi huo uliharibu kile kilichokuwa bora. Kimya cha watu wachache juu ya mti ni nidhamu wanayoibeba kwa pamoja. Kimya cha watu 100 kinahitaji kengele, matangazo na ubao wa maonyo. Jengo lililokuwa limempunguza mgeni abaki jicho likamrudishia mwili wote, pamoja na baa na meza ya chakula. Hata jirani yake, The Ark, iliyojengwa msituni humo mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa sura ya safina ya Nuhu, ilirithi tatizo hilo na kuliongezea mapambo. Umbo la meli linaeleza hadithi nzuri kwa mtu anayelitazama jengo. Halimsaidii anayetazama kutoka ndani yake.

Kuna sehemu moja ndogo ya Treetops mpya ninayoipenda kuliko zote, na wageni wengi huipita wakikimbilia sitaha ya juu. Ni kibanda cha kupigia picha kilichowekwa chini, usawa wa ardhi, chenye tundu la kutazamia. Baada ya ngazi, nguzo na sitaha, jicho limeshushwa hadi kimo cha goti la nyati. Hapo mnyama ana ukubwa wake halisi. Hapo harufu ya matope ni ya wote wawili, na anayetazamwa anaweza kukuona. Kati ya vyote vilivyojengwa kutokana na wazo la Walker, ni hapo tu ambapo mtazamaji hana faida ya kimo juu ya mnyama anayemtazama. Ningetaka wanafunzi wa usanifu wanaopelekwa Nyandarua waanzie kwenye tundu hilo, wapime upana wake na urefu wake kutoka ardhini, ndipo wapande juu kuona vyumba.